Shungi na Ushungi: Neno Tulilolizuia Mlangoni

  

Kamati ya gazeti la jubilei imeniomba niandike somo nililowafundisha wahudumu wa mlangoni tulipokuwa tunajiandaa. Nimelifupisha, maana mnanijua: nikipewa dakika arobaini natumia saa moja na nusu. Kama ulikuwepo utayatambua maneno. Kama hukuwepo, mpendwa, sogea hapa karibu tuongee, mimi na wewe.

Nilianza kwa swali. Shungi ni nini?

Ukumbi ulinyamaza. Ndugu mmoja wa Mwanza akasema yeye anamjua kuku wa kishungi, yule mwenye manyoya yaliyosimama kichwani kama amevaa kofia. Watu wakacheka. Dada wa Mombasa akasema, "Mtumishi, labda wataka kusema ushungi? Kitambaa cha kichwa?" Mchungaji mmoja kutoka Kigali akainua mkono, akasema kwao kuna amasunzu, ule mtindo wa zamani ambapo nywele zilinyolewa pembeni na nyingine zikaachwa zimesimama kama mwezi mchanga. Moja yake ni isunzu, na hata ule mgongo wa milima unaogawa maji yaendayo Kongo na yaendayo Nile wao huuita isunzu.

Nikawaambia wote wako jirani na jibu. Shungi ni nywele. Ni fungu la nywele lililokusanywa likasimama, au likafungwa, au likasukwa likaning'inia. Kwetu pwani mama humsuka binti yake mashungi mawili, moja kulia na moja kushoto. Ndege naye manyoya ya kichwani ni shungi lake. Sasa weka *u* mbele ya neno hilo: ushungi. Hapo umetoka kwenye nywele umeingia kwenye nguo, kile kitambaa mwanamke anachojitanda kichwani kikazunguka uso na kushuka mabegani. Na ukitaka kuvihesabu vitambaa hivyo viwe vingi, ile *u* inaanguka unarudi pale pale ulipotoka: ushungi mmoja, shungi mbili. Nywele na kitambaa vinalala katika neno moja.

"Mtumishi, hilo ni somo la Kiswahili au la Biblia?" Aliuliza mzee mmoja wa mbele. Nikamwambia baba, fungua Waamuzi 16.

Na wewe fungua. Kama unayo Biblia yetu ya Union Version, ile iliyotoka 1952 ambayo wengi wetu tumeokokea humo, utaona kwamba nywele za Samsoni zinaitwa vishungi. Vishungi saba. Huyu ni mwanamume, Mnadhiri wa Mungu tangu tumboni mwa mama yake, wembe haujapita kichwani pake, na Roho ya Bwana ilikuwa inamjilia kwa nguvu. Tena angalia alichofanya Delila kabla ya kufika kwenye wembe: alivifuma vile vishungi pamoja na nguo iliyokuwa kwenye mtambo wa kufumia. Nywele na nguo, kitu kimoja.

Sasa nikuulize tena. Samsoni huyo, kabla ya Delila, akiwa bado na upako wake wote, angefika kwenye kongamano letu na vishungi saba mgongoni, tungemwingiza? Mimi nakujibu kwa niaba yangu mwenyewe. Nisingemwingiza. Nina ushahidi.

Mwaka 2008 tulikuwa na kongamano Arusha. Ndiyo kwanza nimetoka chuo cha Biblia, cheti changu bado kinanuka wino, nikapewa kusimamia mlango mkuu pamoja na mzee mmoja wa Nakuru. Tulipewa karatasi ya utaratibu. Kuhusu akina dada ilisema mambo mawili: kichwa kifunikwe kwa kilemba, na nywele za kusuka haziruhusiwi ukumbini. Hakuna aliyeniambia karatasi ile iliandikwa na nani, wala mimi sikuuliza. Niliipokea kama zile mbao mbili za mawe.

Siku ya pili asubuhi akaja dada kutoka Tanga. Gauni refu, Biblia kwapani, na ushungi wa buluu umezunguka uso. Nikamzuia. Nikamwambia, "Dada, hicho kitoe. Hapa si msikitini. Funga kilemba kama wenzako."

Akaniuliza kwa upole kabisa, "Kaka, kwani kichwa hakijafunikwa?"

Nikamwambia utaratibu ni utaratibu. Watu nyuma yake walikuwa wanasogea. Alipeleka mkono kwenye ile pini ya chini ya kidevu, akaishika, akashindwa kuifungua mbele za watu. Akageuka akaondoka. Hakusema neno.

Haikupita hata nusu saa akaja binti wa Moshi. Huyu alikuwa amefunga kitambaa, lakini misuko imetoka nyuma inaning'inia. Mzee wa Nakuru akamuuliza hizo ni nini. Binti akajibu bila wasiwasi, "Rasta, baba." Jamani, mzee aliruka kama amekanyaga moto. "Rasta? Hata kwa nyumba ya Mungu?" Binti hakuelewa kosa lake. Kwa mzee yule, rasta ni mtu wa dini nyingine anayevuta bangi. Kwa binti yule, rasta ni zile nyuzi za dukani anazosukia nywele, unanunua pakiti unampelekea msusi. Akarudishwa bwenini.

Niongeze kidogo hapa, maana neno hili rasta nalo limesafiri. Ras ni cheo cha Kihabeshi na maana yake ni kichwa. Waarabu nao wana neno la namna hiyo, ndiyo maana sisi tunaiita rasi ile ncha ya nchi kavu iliyochomoza baharini. Tafari Makonnen aliitwa Ras Tafari kabla ya kutawazwa kuwa Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia tarehe 2 Novemba 1930. Kule Jamaika wakatokea watu walioona kutawazwa kwake kuwa ni kutimia kwa unabii, wakaitwa kwa jina lake la zamani, na wengi wao wakafuga nywele zikashikana, wakitaja nadhiri ya Mnadhiri katika Hesabu 6. Muziki wao ukafika kwetu, na jina likafika nao. Likaingia saluni, likamaliza safari yake kwenye pakiti ya nyuzi. Binti wa Moshi alitaja uzi, mzee wa Nakuru akasikia mungu mwingine. Wote wawili walikuwa wanaongea Kiswahili.

Basi hesabu na mimi. Mmoja alifunika nywele zisionekane hata moja, tukamrudisha. Mwingine alifunika zikaonekana, tukamrudisha. Jioni kwenye kikao cha kamati nilitoa taarifa kwamba tumesimamia utakatifu wa mlango, nikapigiwa makofi.

Baada ya kongamano nikaenda Pangani kumsalimu bibi yangu, mzaa mama yangu. Bibi alikuwa Mwislamu. Nilikuwa nimemwombea miaka mingi, na mwaka ule aliniahidi kwamba nikija kuhubiri Muheza, pale karibu, atakuja kunisikiliza. "Nikuone mume wangu unavyosema," alivyozoea kunitania. Tulikuwa tumekaa barazani. Nikamsimulia habari za Arusha, na ile ya mlangoni nikaisimulia kwa kujisifu, unajua kijana aliyepewa cheo.

Bibi akauliza, "Huyo mtoto wa Tanga alikuja kichwa wazi?"

"Hapana bibi, alikuwa na ushungi."

"Sasa ulikuwa unataka nini?"

Nikaanza kumweleza kilemba na ushungi, akanikata. Akaniambia habari ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Kwamba bibi yake yeye alikuwa mtumwa katika mashamba ya miwa ya Pangani. Wale mnaojua historia ya pwani mnajua mashamba yale, na mnajua kwamba zamani hizo mtumwa mwanamke hakuruhusiwa kujifunika kichwa kama mwungwana. Kichwa wazi ndiyo ilikuwa alama yake. Mwanamume mtumwa naye hakuvaa kofia mbele ya bwana wake. Zanzibar utumwa ulifutwa kisheria 1897. Kwetu Tanganyika sheria ilikuja 1922, ingawa wengi walikuwa wameshajikomboa au wametoroka. Na waliopata uhuru, wanawake wengi walianza na kichwa. Walinunua nguo wakajitanda, mtu akiwaona njiani asijue nani alikuwa wa nani. Bibi alisema bibi yake alikufa akiwa bado na ule ushungi wake wa kwanza, umepauka, hautamkiki rangi, na aliagiza asipewe mtu.

Kisha akaniuliza, "Nikija huko Muheza, na mimi utanivua mlangoni?"

Nikasema, "Hapana, wewe ni bibi yangu."

"Yule naye ana bibi yake."

Hakuja Muheza. Hakunigombeza, hakuninunia, nikienda ananipikia wali wa nazi na samaki kama siku zote. Lakini hakuja, na mimi sikupata ujasiri wa kumwalika tena. Alifariki 2013.

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipoanza kuisoma upya ile karatasi, safari hii nikiwa na Biblia pembeni. Nikuonyeshe nilichokiona, na wewe ukapime.

Kwanza, 1 Wakorintho 11. Ndiyo sura tunayoisimamia. Nimeisoma mara nyingi sana katika Union Version na neno kilemba halimo. Ushungi nao haumo. Paulo anasema kufunikwa na kutofunikwa. Na anapofika mstari wa 15 anaziita nywele ndefu za mwanamke utukufu wake, anasema amepewa ziwe mahali pa nguo ya kujifunika. Umeona? Ni pale pale Kiswahili kilipokuwa: shungi na ushungi.

Ujue pia Korintho ulikuwa mji wa namna gani. Warumi waliubomoa 146 kabla ya Kristo, kisha Julius Caesar akauanzisha tena 44 kabla ya Kristo kuwa koloni la Kirumi. Mwanamume wa Kirumi alipotoa sadaka kwa miungu yake alivuta pindo la joho lake la toga akajifunika kichwa. Ipo sanamu ya Kaisari Augusto iliyochimbuliwa pale pale Korintho, amejifunika namna hiyo. Wako walimu wanaosema ndiyo sababu Paulo hakutaka ndugu wanaume wasali wamejifunika, wasije wakaonekana kama wako hekaluni kwa sanamu. Mimi naona hoja hiyo ina uzito. Mtu wa mji ule alijua kusoma vichwa, kama Mnyarwanda wa zamani alivyojua: mwenye amasunzu ama ni mwanamume ama ni binti ambaye hajaolewa, na mwenye urugori, ule mkanda wa bua la mtama kichwani, ni mama aliyezaa. Huhitaji kuuliza. Lakini mtoe mtu huyo Rwanda umlete Pangani, hawezi kusoma kitu. Atahitaji kuuliza kwa adabu.

Na kitu kimoja nilikuwa sijakiona kabisa. Mwanamke anayezungumzwa katika sura ile yuko wapi? Yuko ndani. Anaomba na anatoa unabii. Paulo anamfundisha mtu ambaye ameshaingia, ana sauti katika kusanyiko. Mlangoni hayupo Paulo. Nilikuwepo mimi.

Habari za kusuka sitakaa sana. 1 Timotheo 2 na 1 Petro 3 zinataja kusuka pamoja na dhahabu na nguo za fahari. Zile zilikuwa nywele za matajiri wa miji ile. Sisi tumelichomoa kusuka peke yake, dhahabu tukaiacha kwenye pete za wachungaji. Tanzania kuna msuko unaitwa twende kilioni. Ni mistari ya kurudi nyuma tu, unasukwa upesi upesi mtu awahi msiba. Ndugu zetu wa Kenya mistari hiyo wanaiita matuta, kama ya shambani. Mama amefiwa, hana muda wa kujipamba, amesuka twende kilioni, anakuja nyumbani mwa Bwana kufarijiwa, nasi tunamwambia amejipamba!

Sasa kilemba. Hili ni neno la heshima, na mimi ninalipenda. Limevuka mipaka kuliko sisi: Mkikuyu anasema kĩremba, Mganda anasema ekiremba. Ndugu zetu Wakorino wa Kenya, wanaume kwa wanawake na hata watoto, wanasali na vilemba vyeupe kichwani wakifuata makuhani wa Agano la Kale. Katika Kutoka 28 Haruni anafanyiwa kilemba, na juu yake bamba la dhahabu limefungwa kwa uzi wa buluu. Wanawe wanafanyiwa kofia. Chuoni tulifundishwa kwamba maneno ya Kiebrania ya kilemba cha kuhani yanatoka kwenye kitendo cha kuzungusha, kuviringisha nguo kichwani, yaani kile kile mama zetu wanachofanya kila asubuhi mbele ya kioo. Nilipotoka chuo nilipenda sana kuvunjavunja maneno madhabahuni. Niliwahi kuhubiri kwamba kilemba kimetoka kwenye kuremba, watu wakapaza sauti za Amina. Mwalimu mmoja mstaafu akaniita pembeni akaniambia, "Mtumishi, sauti kufanana si undugu." Tangu siku hiyo nauliza kwanza neno linatumikaje.

Na kilemba kinatumikaje? Waulize wazee wa pwani. Katika ndoa kuna mkaja wa mama na kilemba cha baba. Zamani vilikuwa nguo kweli, mkaja ni ile nguo mama anayofungwa tumboni akishajifungua, na leo vinatolewa kwa fedha lakini majina yamebaki. Ni shukrani kwa waliomlea binti. Tena kijana aliyepelekwa kujifunza kazi kwa fundi, siku ya kuingia alitoa ada iliyoitwa ufito. Siku ya kuhitimu, kazi ameshaijua, ndipo alipotoa kilemba. Umesikia mpangilio huo? Ufito mwanzo, kilemba mwisho. Sisi Arusha tulikuwa tunadai kilemba getini, kwa mtu ambaye hata hatujamfundisha neno moja. Ndiyo maana pia tukimsifia mtu sifa za uongo tunasema amevikwa kilemba cha ukoka. Ukoka ni majani, jua la saa sita likifika yamenyauka. Yale makofi niliyopigiwa kwenye kamati yalikuwa kilemba cha namna hiyo.

Halafu soma Zekaria 3. Hapa ukumbini ndugu yetu wa Uvira alitufurahisha, maana Biblia inasema wampige Yoshua kilemba, naye alidhani kuhani mkuu amechapwa! Tukamweleza kwamba pwani nguo ya kichwani inapigwa, ni kufunga tu. Lakini angalia mambo yanavyokwenda. Yoshua amesimama mbele za malaika wa Bwana na nguo chafu. Si ushungi wa rangi isiyopendwa, ni nguo chafu, na Shetani yuko mkono wake wa kuume anamshitaki. Bwana anamkemea nani? Mshitaki. Kisha zile nguo zinavuliwa, anavikwa nyingine, na katikati ya hayo nabii mwenyewe anashindwa kuvumilia, anapaza sauti kwamba jamani na kilemba apewe. Kimeletwa kikiwa kisafi, kikafungwa na wahudumu waliosimama pale. Yoshua hakuambiwa akakitafute kwanza ndipo aje.

Wahudumu wa mlangoni, hao waliosimama pale ndio ninyi.

Najua swali lako, maana hata ukumbini liliulizwa kwa ukali: "Kwa hiyo mtumishi unasema dada zetu waache kujifunika?" Sisemi hivyo. Mke wangu hufunga kitambaa kila ibada na hajawahi kuniuliza ruhusa ya kuacha. Yako makanisa yetu ya Burundi na Kongo ambayo dada hawezi kuomba hadharani kichwa wazi, dhamiri yake haimruhusu, na anayemcheka kwamba amepitwa na wakati atajibu mbele za Bwana. Nikihubiri kwao ninaheshimu hilo, na wake wa watumishi tunaosafiri nao tunawaambia mapema wabebe vitambaa. Wako pia wa Kampala na Nairobi ambao dada anaongoza sifa kichwa wazi na Roho Mtakatifu anashuka. Hatukukubaliana siku ile, wala sijui kama kamati itakubaliana kabla ya jubilei. Kuna mzee aliondoka amekasirika, na bado tunaongea kwa simu. Ananiita mwinjilisti wa saluni. Nimezoea.

Jambo moja tulikubaliana, nalo limeandikwa kwenye karatasi mpya. Ushungi ni nguo. Hauna dini mpaka mtu aukiri Yesu au asimkiri. Dada zetu wengi wa Tanga, Pemba, Lamu na Mombasa wamezaliwa ndani yake, mama zao wanavaa, na wengine siku waliyookoka nyumbani walifukuzwa bila kitu kingine zaidi ya hicho kilichokuwa kichwani. Anayekuja nao anaingia nao. Anayekuja amesuka anaingia amesuka. Kapu la vitambaa litakuwepo mlangoni kwa anayetaka kujifunika na hakuja nacho, na mhudumu hatamwita mtu kwenye kapu. Atakayetaka atalifuata mwenyewe. Na ukisikia neno la kichwani usilolijua, iwe rasta, matuta, mabutu au amasunzu, uliza maana yake kwa mwenye kichwa kabla hujashtuka.

Yule binti wa Moshi nilimpata. Siku ile alikaa bwenini akifumua misuko tangu asubuhi, akakosa masomo mawili, akaja ibada ya jioni kichwa kinauma. Leo anafundisha kwaya, ana watoto watatu, na nilipomwomba msamaha alinicheka sana akasema, "Mwinjilisti, zile rasta zilikuwa za elfu saba!" Nikamlipa. Alipokea.

Dada wa Tanga sijampata. Jina lake sikuuliza. Orodha ya majina ya mwaka ule nimeitafuta kwenye makabati ya watu wawili watatu, haipo. Nimeuliza kwa wachungaji wa Tanga, Korogwe na Muheza, hakuna anayekumbuka. Gazeti hili litasomwa Bujumbura, Bukavu, Kisumu, Mbarara na huko kwetu pwani, kwa hiyo natumia nafasi hii.

Dada, ulikuwa na ushungi wa buluu, pini yako ilikuwa nyeupe, ilikuwa asubuhi ya siku ya pili, na uliniuliza kama kichwa hakijafunikwa. Kilikuwa kimefunikwa. Siku tatu zote za jubilei nimeomba nipangwe mlango mkuu, upande wa kushoto ukiwa unaingia, nami nimekubaliwa. Kama umeshazeeka kidogo usiogope kwamba sitakujua, mimi pia nina mvi sasa. Njoo kama ulivyokuja siku ile. Na kama unamfahamu wewe unayesoma, mama, shangazi, jirani, umsomee sehemu hii, au umpelekee gazeti lako, mimi nitakupa lingine.